Tamko la Kutokuwa na Wivu

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitaandikwa hapa, kwa kuwa kibali cha kuliandika hutolewa siku ya Alhamisi tu, na Alhamisi zilifutwa mwaka juzi ili kuongeza tija. Nchi hiyo ina mlima mmoja, ziwa moja na wizara ishirini na tisa. Watu wake ni wachapakazi. Serikali yake inawapenda sana, na kila inapozidiwa na upendo huo huwatungia sheria.

Kwa miaka mingi nchi iliridhika na sheria ya kazi yenye vifungu arobaini na kimoja. Kisha ujumbe wa wabunge ulikwenda kuitembelea nchi jirani, ukarudi na nyuso zilizosawijika. Walipoulizwa kulikoni, kiongozi wao aliinamisha kichwa.

"Wenzetu," alisema, "wana vifungu mia tatu."

Mbunge mmoja alilia waziwazi. Kesho yake kikaitishwa kikao cha dharura, na baada ya siku sita ikapitishwa Sheria ya Kazi, Mahali pa Kazi na Leseni za Biashara, yenye vifungu mia sita na kumi na viwili. Siku ya kukabidhiwa kwa taifa ililazimu ibebwe na watu wawili. Waziri wa Kazi alijipangusa jasho, ingawa hakuwa mmoja wa wale wawili, akasema, "Sasa na waje wao watutembelee."

Ilikuwa sheria nzuri. Kifungu cha 19 kilitaka kila mahali pa kazi pawe na kiti cha mkaguzi, laini kuliko kiti cha mwenye mahali. Kifungu cha 63 kilikataza kupiga miayo kabla ya saa nne asubuhi, isipokuwa kwa watumishi wa umma. Kifungu cha 118 kilimtaka kila mwajiri akutane na wafanyakazi wake mara moja kwa mwezi na kusikiliza malalamiko yao, wala hakikumsahau mtu anayefanya kazi peke yake.

Kheri Mwinchande alikuwa akifanya kazi peke yake. Alikuwa fundi cherehani katika Barabara ya Nidhamu, mtu wa makamo, nadhifu, mwenye futikamba shingoni na chaki nyuma ya sikio. Kila mwisho wa mwezi alikaa kwenye kiti chake kama mwajiri, akafungua mkutano. Halafu alihamia kwenye stuli kama mfanyakazi, akalalamikia joto. Halafu alirudi kitini, akaahidi kulishughulikia. Kumbukumbu za mikutano aliziweka kwenye jalada. Mara mbili alijiomba likizo, na mara zote mbili alijinyima.

Majirani walimcheka. Yeye hakujali. Aliamini kwamba mtu akiitii sheria kwa uangalifu, siku moja sheria itamwona.

*

Aliyeonekana alikuwa mwingine.

Mwezi wa tatu, mlango wa upande wa pili wa barabara, unaotazamana kabisa na wa Kheri, ulifunguliwa. Bi. Mashavu Zongo akaingiza cherehani moja, pasi moja na kioo kirefu. Kheri alimfahamu vizuri. Miaka tisa walikaa kiti kwa kiti katika Karakana ya Taifa ya Sare, wakiwashonea mavazi watu ambao kazi yao ilikuwa kukagua watu wengine. Kheri alishona kosi na vifungo. Mashavu alipachika mikono. Karakana ilipofungwa, baada ya kugundulika kwamba haikuwa na leseni ya kuwa karakana, kila mmoja alishika njia yake. Kheri alidhani barabara zilikuwa nyingi za kutosha.

Inafaa kueleza jambo moja kuhusu mkono wa nguo. Mkono uliopachikwa vizuri hauonekani. Mtu huvaa koti, hujitazama kiooni, husema, "Hili koti limenikaa," kisha huenda zake. Hajui kwamba kuna mtu ameupokea mviringo wa bega lake, akaukusanya ule urefu wa kitambaa unaozidi, akauzungusha kwapani pasipo kukunja hata uzi mmoja. Katika nchi nzima, walioweza kufanya hivyo hawakuwa wengi. Walioweza kuona kwamba jambo hilo limefanyika walikuwa wachache zaidi. Kheri alikuwa mmoja wao. Alikuwa na jicho la kazi ambayo kidole chake hakikuiweza.

Hakuwa fundi mbaya. Hakuna aliyewahi kulalamikia nguo zake. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba hakuna aliyewahi kusema neno lolote juu yake.

Tangu mlango ule ufunguliwe, barabara ilianza kumtesa. Asubuhi mabega ya Mashavu yalipita kwenda kazini. Jioni yalipita kurudi. Aliyaona sokoni, aliyaona kwenye foleni ya maji. Siku ya msiba wa jirani alishindwa kuimaliza dua, kwa sababu mtu aliyeketi mbele yake alivaa koti.

*

Wiki ya pili alifika Afisa Tabwe kutoka Ofisi ya Leseni na Amani Mahali pa Kazi. Tabwe alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni, na hakuna hata moja iliyoandika. Aliketi kwenye kiti laini, akatoa Fomu Namba 88.

"Kifungu cha 204, Fundi. Asipewe mtu leseni kamili ya biashara mpaka jirani yake wa karibu mwenye kazi kama hiyo atamke kwa maandishi kwamba hamwonei wivu. Bi. Mashavu ameomba leseni. Jirani yake wa karibu ni wewe."

"Nitamke vipi?"

"Hapa pameandikwa, 'Je, una wivu?' Wewe andika 'Sina', tia saini, mambo yaishe. Nchi nzima wameandika 'Sina'. Kule juu kuna mwenye bucha aliyemchomea mwenzake banda. Kwenye fomu aliandika 'Sina', tena kwa mwandiko mzuri sana."

"Na asiyeweza kuandika hivyo?"

Tabwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Hajatokea," alisema. "Una siku saba."

Kheri alikusudia kuandika "Sina". Ni lazima jambo hili lisemwe kwa haki yake. Alikuwa mtu mstaarabu, na siku ya Jumamosi, saa sita mchana, kalamu ilikuwa tayari mkononi. Walikuwa wanajiandaa kwenda kwenye harusi ya binamu wa mkewe. Mkewe, Bi. Kidawa, alitoka chumbani amevaa gauni jipya la rangi ya buluu iliyokolea. Kheri alilitazama bega. Akaiweka kalamu chini.

"Mama Rukia. Nani kakushonea?"

"Twende bwana, tunachelewa."

"Nani kakushonea gauni hilo?"

Bi. Kidawa alishusha pumzi. "Baba Rukia, tumeoana miaka kumi na saba. Umenishonea magauni hata idadi siikumbuki. Nimewahi kulalamika?"

"Hujawahi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi nilitaka mara moja tu katika maisha yangu ninyanyue mkono nipige vigelegele, gauni zima lisinifuate juu!"

Katika harusi ile Bi. Kidawa alinyanyua mkono mara kumi na moja. Kheri alizihesabu zote. Gauni halikusogea hata mara moja. Lilikaa pale kiunoni, limetulia, kama mtu mwenye dhamiri safi.

Jumatatu asubuhi, kwenye Fomu Namba 88, mbele ya swali "Je, una wivu?", Kheri Mwinchande aliandika kwa herufi kubwa: NINAO.

*

Afisa Tabwe aliisoma fomu akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Akamwita mkuu wake. Mkuu akamwita mkuu wake. Ikumbukwe kwamba chini ya kifungu cha 205 iliundwa Idara ya Kusawazisha, yenye watumishi kumi na wanne, gari moja na bendera yake, na kwa miezi kumi na moja idara hiyo ilikuwa haijapata mtu hata mmoja mwenye wivu. Watumishi walikuwa wamechoka kupiga miayo, pamoja na kwamba waliruhusiwa. Walimkumbatia Kheri mmoja baada ya mwingine.

Sherehe ilifanyika Ijumaa kwenye uwanja wa wizara. Kheri alikalishwa jukwaani. Mashavu naye alialikwa, akapewa kiti chenye karatasi iliyoandikwa CHANZO. Waziri wa Kazi alihutubia.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yanajigamba kwa dhahabu. Mengine yanajigamba kwa gesi. Sisi leo tunajigamba kwa mtu! Mtu ambaye roho yake inamuuma, na badala ya kwenda kwa mganga, amekwenda kuandikisha! Nchi jirani hawana mtu kama huyu. Nimeuliza mwenyewe. Wanao wenye wivu wengi tu, lakini hakuna hata mmoja aliyesajiliwa!"

Makofi yalipigwa kwa dakika sita. Kheri alivishwa kitambulisho cha Mwenye Wivu Aliyesajiliwa, namba 000001, na leseni yake ya zamani ikabadilishwa kwa nyingine ya daraja hilo, yenye ukingo wa kijani. Sheria ilikuwa imemwona hatimaye. Aligeuka kumtazama Mashavu, ili ajue kama naye ameona. Mashavu alikuwa akiutazama mkono wa suti ya Waziri, amekunja uso kidogo, kama daktari anayemwona mgonjwa wa mtu mwingine.

Serikali haikuwa katili. Biashara inayosababisha wivu haifungwi papo hapo. Inasawazishwa. Maana yake ni kwamba ubora wake hushushwa taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka mwenye wivu apumzike. Wivu ukithibitishwa mara tatu mfululizo baada ya kusawazishwa, ndipo mlango hupigwa lakiri na vifaa huchukuliwa na idara kwa ajili ya kutunzwa.

"Amri ya wiki ya kwanza," Tabwe alimsomea Mashavu. "Mkono wa kushoto upachikwe kidole kimoja nje ya mstari wake."

"Kidole chako au changu?" Mashavu aliuliza.

Tabwe alivitazama vidole vyake. Sheria haikusema. Wakakubaliana kwamba kiwe cha Kheri.

*

Ijumaa iliyofuata Kheri alivuka barabara akiwa na Tabwe kwenda kukagua. Kwa daraja lake jipya, kiti laini kilikuwa chake. Tabwe alisimama.

"Karibu, kaka Kheri," alisema Mashavu, pini mbili zikiwa katikati ya midomo. "Kiti chako kile pale. Angalia usikalie mkasi."

Nguo nane zilitundikwa ukutani. Kheri alinyanyuka, akaipima ya kwanza. Kidole kimoja nje ya mstari. Akaipima ya pili. Kidole kimoja. Zote nane zilikuwa vilevile, bila kupungua wala kuzidi hata kwa unene wa sindano. Na kitambaa, ambacho kwa haki kilipaswa kukunjamana na kulia kwapani, kilikuwa kimeteremka kutoka begani kwa utulivu wa ajabu, kana kwamba toka kilipofumwa kilikuwa kikisubiri kupindishwa hivyo.

"Umefanyaje hapa?"

"Nimekosea, kama nilivyoagizwa."

"Kukosea gani huku, dada Mashavu?"

"Kaka, kukosea nako ni kazi. Ukikosea ovyo, nguo inapasuka. Mteja atanyanyuaje mkono?"

Kheri alirudi kwake. Alifunga mlango, akachukua kitambaa, akajaribu kuupachika mkono kidole kimoja nje ya mstari. Ulikaa upande, basi. Ulikaa upande kama vitu vyote duniani vinavyokaa upande. Akaufumua. Akajaribu tena. Hadi saa kumi jioni alikuwa na mikono mitano iliyoharibika kwa njia za kawaida kabisa. Alikaa kwenye stuli, akaitazama. Alikuwa amezoea kumwonea Mashavu wivu kwa uzuri wa kazi yake. Sasa alimwonea wivu kwa makosa yake, na haya yalichoma zaidi, kwa sababu makosa ni kitu ambacho Kheri alidhani wanacho sawa.

Kwenye ripoti aliandika: "Ninao. Umeongezeka."

Amri ya wiki ya pili ilikuwa kali. Mkono wa kushoto uwe mfupi kuliko wa kulia kwa vidole vinne, na ukosi utazame pembeni. Idara nzima ilikaa siku mbili kuibuni. Mashavu aliisoma, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, akaanza kukata.

Alhamisi ingekuwapo, ndiyo ingekuwa siku ambayo barabara ilianza kujaa. Kwa kuwa haikuwapo, ilikuwa Jumatano. Walimu walikuja. Makarani walikuja. Mkono mfupi wa kushoto uliacha saa ya mkononi ionekane, na ule ukosi wa pembeni ulimfanya aliyeuvaa aonekane kama mtu anayeitwa na mtu muhimu. Ijumaa Waziri mwenyewe alitokea kwenye gazeti akifungua daraja ndani ya suti ya namna hiyo, na gazeti likauita mtindo wa kizalendo. Afisa Tabwe alikuja kwenye ukaguzi naye akiwa amevaa, mkono wake wa kushoto umenyanyuka juu ya kiwiko kidogo, kwa kuwa alikuwa mnene.

"Vipi, Fundi?" alinong'ona. "Umepoa?"

"Umezidi," alisema Kheri.

"Safi," alisema Tabwe, akaazima chaki ya Kheri, akaandika. "Yaani, pole. Basi imebaki Jumatano. Mara ya tatu husikilizwa na jopo."

*

Siku moja kabla ya jopo, adhuhuri, Mashavu alivuka barabara. Hakuwahi kufanya hivyo tangu ahamie. Alisimama mlangoni kwa Kheri, vumbi la chaki vidoleni, akakataa kiti.

"Sitakaa, nina kazi mezani. Nimekuja kuuliza kitu kimoja."

"Uliza."

"Kesho ukisema unao, wanachukua cherehani. Unajua hilo."

"Najua."

"Ile cherehani sina nyingine. Na mama yangu yuko kitandani mwaka wa pili, unamfahamu, uliwahi kuja kumpa pole. Lakini sikuja kukubembeleza, kaka Kheri. Usije ukanielewa hivyo."

"Sikuelewi hivyo."

"Nataka kujua tu. Ni nini hasa?"

Kheri alilitazama jalada la mikutano yake. Aliitazama pasi. Hakukuwa na pengine pa kutazama.

"Bega," alisema.

"Bega?"

"Unalifanyaje lile bega?"

Mashavu alicheka. Hakucheka kwa dharau, na ingekuwa nafuu kama angecheka kwa dharau. "Jamani, kaka Kheri! Miaka tisa tumekaa kiti kwa kiti. Ningeweza kukugusa kwa kiwiko. Mbona hukuuliza? Ungeuliza ningekuonyesha siku ya kwanza. Lete kitambaa hapa. Lete, ni kitu cha dakika mbili."

Alikuwa tayari amenyoosha mkono. Kheri aliona vile vidole vimenyooka kuelekea kwenye meza yake, akakivuta kitambaa upande wake. Kujifunza kutoka kwake kungekuwa jambo baya kuliko yote. Angekuwa na bega la Mashavu kwa hisani ya Mashavu.

"Usinionyeshe," alisema. "Tafadhali."

Mashavu aliurudisha mkono wake. Alimtazama, si kwa hasira, bali kama anayempima mteja asiyejua anataka kushonewa nini.

"Haya," alisema. "Tutaonana huko kesho." Akavuka barabara kurudi kwenye kazi yake.

*

Jopo lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti. Wa pili alikuwa makamu wa mwenyekiti. Wa tatu alikuwa akisubiri mmoja wao astaafu. Mezani paliwekwa koti moja la kazi ya Mashavu, lililoshonwa kwa amri ya wiki ya tatu: mkono mmoja tu, tena uanzie mgongoni. Mashavu aliketi kwenye kiti cha CHANZO. Nyuma ya mlango watumishi wawili wa idara walikuwa tayari na toroli la kubebea cherehani.

"Bwana Mwinchande," alisema mwenyekiti, "taifa linakutazama. Nchi jirani nayo inatutazama, au itatutazama tukiwaandikia barua. Tafadhali liguse koti."

Kheri aliligusa. Mkono ulianzia mgongoni, kama ilivyoamriwa. Ulizunguka ubavu, ukapanda, ukafika begani ukiwa umechelewa lakini bila kuhema. Aliutafuta mshono kwa ncha ya kidole na ilimchukua muda kuupata. Hapakuwa na mtu mwingine katika chumba kile ambaye angejua kilichokuwa chini ya kidole kile. Mwenyekiti aliona koti la kuchekesha. Makamu alimwona mwenyekiti. Hata Mashavu hakuwa akilitazama. Kwake lilikuwa limekwisha, na dukani kulikuwa na jingine mezani.

Neno "Ninao" lilikuwa mdomoni. Kheri aliliona tayari linavyofanya kazi. Toroli linavuka barabara. Mlango wa upande wa pili unafungwa. Asubuhi inayofuata anafungua duka lake, anatazama mbele, anaona ubao uliopigwa lakiri. Watu wanapita na mabega yaliyokaa vyema mwaka mmoja, miwili, mpaka nguo zichakae. Halafu wanapita na mabega yake yeye. Angekuwa fundi wa kwanza katika barabara yenye fundi mmoja. Na asubuhi zote hizo, angemtazama nani?

"Unao au huna?" aliuliza mwenyekiti.

"Sina," alisema Kheri.

Chumba kilishtuka. Tabwe aliinuka nusu, kisha akaketi. Mwenyekiti alimwashiria muuguzi aliyekaa pembeni, naye akaja na kipimajoto. Wizara ilikuwa imeagiza vipimajoto elfu nne vya kupimia wivu, kwa hoja ya kitaalamu kwamba wivu huchoma. Vilikuwa vifaa vya kuaminika sana. Vilitoa jibu moja kwa kila mtu, na siku moja vilitoa jibu hilohilo kwa birika la chai. Kipimajoto kilikaa kwapani mwa Kheri kwa dakika tano, moyo wake ukigonga kama cherehani iliyoishiwa mafuta, kisha kikatolewa.

"Thelathini na sita na nusu," alisema muuguzi. "Hana."

Mwenyekiti aligonga meza. Mashavu akapewa leseni kamili, na toroli likarudishwa. Mlangoni Tabwe alimvuta Kheri pembeni.

"Fundi, umetuua. Ulikuwa kwenye mpango wa miaka mitano! Tulishaandika kwamba mwaka kesho utaongezeka kwa asilimia nane."

"Samahani."

"Samahani haijazi jedwali. Na wewe mwenyewe sasa huna leseni, unajua?"

Kheri hakujua. Tabwe alimfafanulia kwa upole. Leseni yake ilikuwa ya daraja la Mwenye Wivu Aliyesajiliwa. Wivu ukiisha, daraja linakwisha, na daraja likiisha, leseni inakufa. Kwa kifungu cha 207 alitakiwa aombe upya kama mtu yeyote. Na mtu yeyote alihitaji Fomu Namba 88, yenye tamko la jirani wa karibu mwenye kazi kama hiyo.

*

Basi safari ile ni Kheri aliyesubiri siku saba.

Siku ya kwanza aliogopa. Mashavu alikuwa na kila sababu. Angeandika neno moja tu, na idara yenye gari na bendera ingevuka barabara kuelekea upande huu. Siku ya pili aliogopa vilevile, lakini jambo la ajabu lilichanganyika na hofu ile. Alijikuta akikata kitambaa na kujiuliza wangemwamuru nini. Ukosi ushuke? Vifungo vipande kwa ngazi? Siku ya tatu alivishona vifungo kwa ngazi, kwa majaribio tu. Siku ya nne Bi. Kidawa alimkuta akitabasamu peke yake.

"Una nini, Baba Rukia? Wanakufungia duka, nawe unacheka?"

"Huenda akaandika anao," alisema Kheri.

"Nani?"

"Mashavu. Huenda akaandika anao."

Bi. Kidawa alimtazama mumewe. Kisha akaenda kuangalia maharage jikoni. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba.

Siku ya saba Kheri alivaa koti alilojishonea mwenyewe, lile bora kuliko yote, akamsindikiza Tabwe kuvuka barabara. Mashavu alikuwa na mteja, mwalimu mmoja mrefu aliyesimama mbele ya kioo na mikono imenyooka kama anayetishwa kwa bunduki. Tabwe alikohoa, akaikunjua fomu.

"Bi. Mashavu Zongo. Kwa mujibu wa kifungu cha 204 cha Sheria ya Kazi, Mahali pa Kazi na Leseni za—"

"Niweke wapi saini?"

"Bado sijasoma swali."

"Si lile la wivu? Leta." Alitoa pini midomoni, akachukua kalamu kwa Tabwe, akaona haiandiki, akachukua chaki yake, akaandika "Sina", akatia saini. "Mwalimu, usishushe mkono."

"Husomi kwanza?" aliuliza Kheri.

"Nisome nini, kaka Kheri? Kazi njema." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na alipomalizia neno la mwisho alikuwa tayari ameligeukia bega la mwalimu.

Ofisi iliandika muda uliotumika: sekunde nne. Tangu sheria ipitishwe, hakuna raia aliyekuwa ametamkiwa kutoonewa wivu kwa haraka kiasi hicho. Kheri alipewa leseni mpya saa hiyohiyo, kwenye dirisha la Ofisi ya Leseni, pamoja na pongezi. Aliishika, akaisoma, akaona kwamba jina lake limeandikwa bila kosa. Hakuondoka.

"Kuna tatizo, Fundi?" aliuliza Tabwe.

"Kuna fomu ya rufaa?"

"Rufaa ya nini? Leseni si umepata?"

"Ya kutoonewa wivu."

Tabwe hakushangaa. Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi ya kijivu iliyochakaa pembeni kwa kushikwashikwa. "Kifungu cha 209. Lakini kwa leo hufiki dirisha la rufaa. Uliiona ile foleni inayolizunguka jengo mpaka kwenye tangi la maji?"

"Nilidhani ni ya leseni."

"Leseni siku hizi hazina foleni," alisema Tabwe. "Ile ndiyo yenyewe. Kajipange, labda Jumatatu utasikilizwa."

Kheri alitoka nje, akaifuata foleni. Ilipita nyuma ya idara, ikapita kwenye maegesho, ikalizunguka tangi na kuendelea ng'ambo ya uzio, watu kwa mamia, wenye viatu vilivyong'arishwa na leseni halali mikononi. Alipofika mwisho wake akasimama. Bwana mmoja aliyekuwa mbele yake aligeuka, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, koti na yote.

"Wewe kazi yako nini?"

"Fundi cherehani," alisema Kheri, akanyoosha mabega.

"Hongera," alisema yule bwana, bila kinyongo chochote, akageukia mbele.